Chupa Kumi za Nyamasole

"Shangazi amefariki. Njoo na mkaa."

Simu ikakatika.

Selina Luhende aliirudisha Nokia kwenye pochi, akatazama Casio ya mkononi. Saa mbili na dakika kumi asubuhi. Shangazi hakuwa naye. Wa mwisho walimzika Bujora miaka sita nyuma. Lakini kwa lugha ya Idara ya Usalama, msiba wa shangazi ni kazi iliyoiva, na mkaa ni moto.

Choma. Usibakize.

"Nani huyo?" aliuliza mdogo wake kutoka kitanda cha hospitali.

"Watu wa mabondo."

"Waambie leo hununui. Unauguza."

Revocatus alijaribu kucheka. Alikuwa fundi mwashi wa Buswelu, miaka thelathini na minne, mtu wa kutupia mfuko wa saruji begani kama mwingine anavyotupia koti. Siku kumi na moja zilizopita alijikata ugoko kwa koleo akisafisha banda lake la kuku. Kidonda cha urefu wa kidole. Alikipaka mafuta ya taa, akaendelea kujenga. Sasa mguu ulikuwa mweusi mpaka gotini, na homa ilipanda tu, haijui kushuka.

"Nina shughuli ya saa chache," Selina alimwambia. "Nikirudi nikukute hapa hapa."

"Nitakwenda wapi na mguu huu, dada? Kucheza ngoma?"

Selina alimvutia shuka mpaka kifuani. Soko zima la Mwaloni, Kirumba, lilimjua Selina kama mama anayenunua mabondo ya sangara, vile vibofu vya hewa vinavyouzwa ghali ng'ambo, mwenye mizani kali na ulimi mkali zaidi. Watu sita nchi nzima walimjua kwa jina la Furu. Furu ni samaki mdogo wa ziwa hili. Sangara walipoletwa walimla karibu amalizike. Karibu.

Daktari Hellen alikuwa anamsubiri koridoni, macho mekundu kwa kuinamia hadubini.

"Dada Selina, sitakudanganya."

"Usinidanganye."

"Tumempa dawa tano. Ya tano ni peptidi, ndiyo tunayoiweka akiba mpaka nyingine zote zishindwe. Ngozi ya bakteria ina chaji hasi, dawa hii ina chaji chanya. Vinavutana kama sumaku na msumari. Dawa inang'ang'ania pale, inatoboa, bakteria anavuja mpaka anakufa. Kwa kawaida haikosi."

"Imekosa."

"Imekosa. Huyu aliye mguuni mwa Revocatus amebadili ngozi. Amejibandika kitu kidogo kinachoua ule mvuto. Sasa dawa inateleza juu yake kama maji juu ya jani la gimbi."

"Kajifunzia wapi?"

"Hapo ndipo nashindwa kulala. Hajifunzi hivi kwa siku mbili. Mtu amempa dawa hii kidogo kidogo, muda mrefu, kipimo cha kumuumiza bila kumuua. Wanyonge wanakufa, wakaidi wanabaki wanazaana. Na mdogo wako hajawahi kuitumia maishani mwake, nimemuuliza mara tatu."

"Ana muda gani?"

"Mpaka kesho asubuhi. Labda."

Selina alifunga kitenge vizuri kiunoni. Mahali ambapo dawa ile ilikuwa ikitolewa kidogo kidogo alipajua. Alikuwa amepachunguza miezi minne. Kisiwa cha Nyamasole, mwendo wa saa moja na nusu kwa boti, matangi kumi na mawili ya sato, kampuni ya mzungu Halvard inayojiita Ziwa Neema. Unga wa peptidi ulivushwa ziwa kwa magendo ndani ya mifuko iliyoandikwa maziwa ya ndama, ukachanganywa na chakula cha samaki.

Lakini Revocatus hakuwahi kukanyaga Nyamasole. Hata kuogelea hakujua.

Basi mdudu yule alifikaje Buswelu?

* * *

Yamaha ya nguvu arobaini ilinguruma. Boti ikapasua magugu maji, ikaliacha soko na kelele zake, ikapita kati ya yale mawe makubwa yaliyobebana mgongoni. Chini ya ndoo ya dagaa kulikuwa na bastola ya Glock 19. Kando ya ndoo, mikebe miwili ya maziwa ya unga. Ndani ya mikebe hapakuwa na maziwa. Kulikuwa na unga wa moto, ule unaoyeyusha chuma, na saa ndogo. Ukishaitega, hairudi nyuma. Ukiigusa, inawaka papo hapo. Mafundi wa Idara walihakikisha hilo, maana hawakuwaamini hata watu wao.

"Mama mabondo," alisema Ooko, nahodha wake, mzee wa Shirati mwenye kofia ya soka iliyopauka. "Huko Nyamasole wanafuga sato. Sato ana bondo gani la kununua?"

"Ooko, kwani wewe lazima uulize?"

"Sisi Wajaluo tunazaliwa na swali mdomoni."

"Na Wasukuma?"

"Nyie jibu mnalo. Tatizo mpaka muulizwe mara tatu, na mara ya tatu mnasema 'ngoja kwanza.'"

"Ngoja kwanza," alisema Selina.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Motorola ikakoroma chini ya kitenge.

"Furu, hapa Gati. Umepata habari za msiba?"

Sauti ya Mzee Okwach, mkuu wake wa miaka kumi na tisa. Sauti ya mtu aliyekwisha kuzika wengi na hakuwahi kuchelewa chakula cha mchana.

"Nimepata. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mzungu anaondoka saa sita na mbegu ya mdudu. Mbegu isitoke. Banda liteketee. Chupa, mashine, karatasi, kila kitu."

"Mzee, mle kuna daftari la majaribio. Nina mgonjwa anayelihitaji."

Maji yalipiga ubavu wa boti.

"Kibali cha kampuni ile kina sahihi ya mtu mkubwa, Selina. Hakuna karatasi itakayotoka. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Hawakuelewana hata kidogo.

* * *

Walinzi wa Nyamasole walikuwa na bunduki na mbwa, lakini hawakuwahi kumtazama usoni mwanamke mwenye ndoo kichwani. Huo ndio ulinzi wa matajiri siku zote. Selina alijifunga kanga, akaingia na wanawake kumi na wawili wa zamu ya asubuhi. Tereza, kiongozi wao, mama mnene wa Kisesa, alikuwa amemzoea. Alidhani ni mjane anayetafuta kibarua.

Walilisha samaki. Walifagia. Saa tano na robo zamu iliisha, wanawake wakashuka kwenda kwenye mtumbwi, kila mmoja na kifurushi chini ya kanga.

"Mayu Tereza," Selina alimwita mama kwa Kisukuma, "umebeba nini?"

"Nyamaza wewe. Pumba."

"Pumba za wapi?"

"Za sakafuni, pembeni ya matangi. Chakula kinachomwagika kikichanganyika na maji ya samaki. Bosi alisema tuzifagie tuzichome." Tereza alisonya. "Mtu mzima na akili zako, uchome chakula? Tunazianika juani, tunapelekea kuku. Na kuku wanazipenda hizo! Hawaugui, wananenepa kama wamerogwa. Kisesa wanazigombania. Buswelu. Nyakato. Hata mafundi ujenzi siku hizi wanafuga."

Selina alisimama na ufagio mkononi.

"Tangu lini?"

"Tangu banda hili lifunguliwe. Mwaka wa pili huu. Vipi, na wewe una kuku?"

"Mdogo wangu anao."

"Basi nitakuwekea kidogo kesho."

Kidogo. Miaka miwili, kifurushi kwa kifurushi, chini ya kanga, kwa nia njema kabisa. Hapakuwa na mtu aliyemdhuru Revocatus. Jirani alimsaidia pumba, akashukuru, akamwaga bandani.

"Nendeni," alisema. "Nendeni sasa hivi. Nimesahau kandambili."

Aliwangoja wapotee nyuma ya mwamba.

Kisha akaacha kuwa mjane.

* * *

Mlinzi wa mlango wa nyuma alikuwa anakula kiporo cha ugali. Hakumaliza. Kiwiko kimoja chini ya sikio, akalala. Selina alimburuta mpaka kwenye kivuli cha nje, mbali na ukuta. Alikuwa mtoto wa mtu.

Mkebe wa kwanza, chini ya matangi. Mkebe wa pili, chumba cha stoo, kati ya marundo ya katoni nyeupe zilizopangwa mpaka darini. Hakuzifungua. Alidhani ni mizigo kama mizigo mingine.

Alizitega saa zote mbili: dakika kumi na tano.

Alisukuma mlango wa maabara kwa mguu, Glock mbele.

Nathaniel Chenge aliinua macho kutoka kwenye daftari lake. Koti jeupe, miwani, ndevu zilizochongwa vizuri. Mtoto wa Kisesa aliyesomeshwa na kanisa mpaka ng'ambo, akarudi na digrii tatu na mzungu mmoja.

"Mikono mezani, Nathaniel."

"Wewe ni nani?"

"Mnunuzi wa mabondo. Nataka jina la dawa inayomuua mdudu wako."

Ajabu ya Mungu, Nathaniel akatabasamu, kama mwalimu aliyeulizwa swali zuri.

"Wewe Msukuma. Basi utanielewa upesi kuliko Halvard. Babu yangu alikuwa Muyeye. Unawajua Bayeye?"

"Wacheza nyoka. Kila mtu anawajua."

"Alinichanja nikiwa na miaka saba. Tone la sumu ndani ya chale. Mwezi uliofuata, matone mawili. Nilitapika, nilitetemeka, nikazoea. Leo aniume swila, nitakunywa chai yangu niendelee na kazi. Vitabu vyote nilivyosoma Ulaya vilikuja kunieleza jambo ambalo babu alilijua kwa wembe. Nilichofanya hapa ni kile kile. Tone kwa mdudu, matone mawili, matatu."

"Babu yako alimchanja mtu ili nyoka asimuue," alisema Selina. "Wewe umemchanja nyoka."

Tabasamu likapungua.

"Hakuna atakayeumwa mpaka tuamue. Hajatoka nje ya kuta hizi. Maji yote tunatia klorini. Samaki wote tunachoma. Hata pumba za sakafuni nimeamuru zichomwe."

"Nathaniel. Ulizaliwa Kisesa."

"Ndiyo."

"Ulimwona nani Kisesa akichoma pumba?"

Miaka ya ng'ambo ilimtoka usoni, moja moja, mpaka akabaki yule mtoto wa Kisesa anayejua vizuri kabisa jinsi mama zake wanavyoishi.

"Hapana," alisema.

"Ziko Buswelu, Nyakato, Kisesa kwenu. Mdogo wangu anakufa kwa mdudu wako na hajawahi kuona tangi lako. Mama yako anafuga?"

Aliketi.

"Kuku arobaini," alisema. "Wiki iliyopita alinipigia simu kuwasifia."

"Jina la dawa."

"Orvacini." Sasa aliongea haraka, kama mtu anayetapika. "Sindano ya zamani, walichomwa wazazi wetu, ikaja ikaachwa. Mdudu akibadili ngozi kukwepa peptidi, upande wa pili anaacha ufa. Orvacini inapita kwenye ufa ule. Inamuua kama maji ya moto juu ya siafu. Yamo yote humu kwenye daftari, vipimo na kila kitu. Ndiyo ilikuwa biashara ya Halvard: asambaze ugonjwa, halafu yeye peke yake awe na tiba. Alinunua kiwanda cha mwisho, akakifunga, akachukua akiba yote."

"Iko wapi?"

"Hapa hapa. Katoni mia nne. Chumba cha stoo, zile nyeupe."

Selina alitazama saa.

Dakika sita.

Mkebe haukuweza kuguswa. Aliutega kwa mkono wake mwenyewe.

"Nimesikia," sauti ilisema mlangoni, kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha redio.

Halvard alikuwa mrefu, amekaushwa na jua. Mkono wa kulia, bastola ya SIG Sauer. Kushoto termosi ya chuma, yenye mbegu. Mdudu mama.

"Kumbe ameshatoka," alisema. "Basi soko limeshafunguliwa bila hata tangazo. Nathaniel, wanawake wako ni wafanyabiashara kuliko sisi."

Nathaniel aliinuka. Hakuwa mpiganaji, aliruka juu ya meza kwa miguu isiyojua kuruka, mikono mbele, akilia jina la mama yake kwa Kisukuma. SIG ililia mara mbili. Selina alifyatua kupitia pengo lililobaki, risasi ikampata Halvard begani, mzungu akayumba, akatoka mbio.

Termosi hakuiachia.

Nathaniel alikuwa sakafuni, miwani imevunjika.

"Katoni," alisema. "Mpelekee…"

Hakumalizia ni nani. Hakukuwa na haja.

Selina alilisukumiza daftari ndani ya kanga, akakimbilia stoo. Dakika tatu na nusu. Katoni mia nne zilimtazama. Angeweza kutupa nje ishirini. Labda thelathini. Mkono ulikuwa umeshaishika ya kwanza, akaipasua, boksi dogo likaanguka: chupa kumi za kioo zimelala kama mayai.

Nje, injini ikawaka.

Mtu aliyewahi kuchagua kati ya ng'ombe na mtoto katika mafuriko anajua sekunde ile ilivyo. Stoo ile ilikuwa uhai wa watu wa Buswelu na Kisesa. Termosi ile ilikuwa kifo cha watu asiowajua, katika miji asiyoijua, popote ambapo Halvard angefungua kizibo.

Aliokota lile boksi moja. Akakimbia.

* * *

"Ooko! Washa!"

"Imewaka zamani, mama! Nimesikia risasi nikajua mabondo yamepatikana!"

Boti ya Halvard ilikuwa na Suzuki mbili nyuma. Ilikuwa imewaacha mita mia nne, ikielekea kaskazini, mkia wa povu nyuma yake.

"Hatumpati," alisema Selina.

"Kwa mbio, hatumpati." Ooko alikata kona kulia badala ya kufuata. "Lakini yule anasoma ramani ya Garmin. Garmin inaonyesha mawe. Haionyeshi nyavu za Wakerewe. Mimi leo alfajiri nimewaona wakizitega. Nikimbana huku, atakimbilia kule."

"Na akikimbilia kule?"

"Ngoja kwanza," alisema mzee.

Selina alipiga risasi tatu juu ya maji, upande wa kulia wa boti ya mbele. Halvard alikwepa kushoto, kama mbuzi anayeswagwa. Maboya madogo ya plastiki yalielea mbele yake, ya rangi ya maji. Suzuki ya kwanza ilikohoa. Ya pili ikapiga kelele, ikanyamaza. Nyavu zilikuwa zimejisokota kwenye mapanga ya injini kama uzi kwenye kibiringo.

Nyuma yao Nyamasole ikalipuka bila mlio mkubwa. Mwanga mweupe tu, kisha moshi mzito, ulionyooka juu.

Ooko alisogeza boti taratibu. Halvard alikuwa amekaa chini, damu begani, termosi mapajani. SIG ilikuwa karibu na goti lake.

"Mama," alisema. "Tazama nyuma yako."

"Nitupie termosi."

"Katoni mia nne. Nilizitafuta nchi kumi na moja. Mimi nilitaka kuziuza ghali, kweli. Lakini wewe umezichoma." Alicheka, meno yana damu. "Nani kati yetu amewaua?"

"Termosi."

"Ungekuwa umetengeneza huyu mdudu, angalau ungejua—"

Mkono wake ulishuka gotini.

Glock iliongea mara moja.

Selina aliruka kwenye boti ya pili, akavaa glovu za mpira alizozificha botini pamoja na klorini, akafungua kizibo cha termosi. Akamimina klorini mpaka ikafurika, akafunga, akahesabu dakika thelathini kwa Casio. Ooko, safari hii, hakuuliza kitu. Moshi ulikuwa umeanza kuinamia mashariki, kuelekea Buswelu.

* * *

Saa tisa alasiri alipanda ngazi za hospitali, kanga ile ile, daftari chini yake. Hellen alilisoma akiwa amesimama dirishani, kidole kikifuata safu za namba. Alirudia ukurasa mmoja mara mbili.

"Orvacini," alisema. "Mwalimu wetu alikuwa akiitaja darasani kama mtu anavyomtaja marehemu. Lakini vipimo hivi… Dada, hii inamponya. Ziko ngapi?"

"Kumi."

"Moja asubuhi, moja jioni, siku tano. Sawa. Na nyingine zinafika lini?"

"Hakuna nyingine."

"Tutaagiza."

"Kiwanda kimefungwa. Kukifufua ni miezi."

Hellen alilifunga daftari polepole. "Njoo," alisema.

Wodi ilikuwa imebadilika tangu asubuhi. Kitanda cha nne: Rebeka, mama wa watoto wawili kutoka Buswelu, mkono umevimba mpaka kwapani. Cha tano: mzee wa Kisesa, jipu shingoni, anaongea na watu wasiokuwepo. Cha nane: mfyatua matofali wa Nyakato. Wote wameingia baada ya saa nne. Wote mdudu mmoja. Wote wafugaji.

Cha sita, Revocatus. Macho yamefumba, midomo imepasuka.

Mama mkwe wa Rebeka aliinuka kutoka kwenye mkeka, akapiga goti la heshima ingawa alikuwa mkubwa kwa Selina.

"Mayu, nasikia umeleta dawa. Mungu akuzidishie. Basi tugawane, kila mgonjwa apate kidogo. Kwetu hatunyimani."

Ni kweli. Usukumani hata ugali wa mtu mmoja ukitokea mgeni unakuwa wa wawili. Selina alimtazama daktari, na daktari akatikisa kichwa, machozi yamemsimama.

"Bibi, haigawanyiki. Robo dozi haitamuua huyu mdudu. Itamfundisha. Tukiwapa wanne kidogo kidogo, kufika Jumapili dawa hii nayo itakuwa maji, na wote wanne watakwenda."

"Kidogo si bora kuliko hakuna?"

"Safari hii hapana, bibi."

Kisha Hellen akamgeukia Selina, akashusha sauti. "Hospitali ingechagua kwa hali ya mgonjwa. Rebeka ana nafasi nzuri kuliko wote. Sikuambii ufanye nini. Dawa hii haimo kwenye stoo yetu, haimo kwenye kitabu chochote. Ni yako."

Selina alimtazama Rebeka. Binti alikuwa na miaka ishirini na nne au tano, nywele zimesukwa vizuri, mtu aliyesukwa kwa ajili ya sherehe ambayo hakuifikia. Akamtazama mzee. Akamtazama mfyatua matofali. Alijilazimisha, mmoja mmoja, kwa sababu lilikuwa jambo dogo mno kuwafanyia.

"Kitanda cha sita," alisema.

Hakushusha sauti. Mama mkwe alisikia. Hakulia wala hakutukana. Alirudi kwenye mkeka wake, akaanza kumpepea mkwewe kwa kipande cha boksi.

Hellen alivunja kichwa cha chupa ya kwanza.

Koridoni, Motorola ikakoroma.

"Furu, hapa Gati. Hongera. Mtu mkubwa ametoa salamu zake. Thibitisha, kuna kilichobaki?"

"Pumba zimebaki, mzee. Ziko kwenye mabanda ya kuku, Buswelu, Nyakato na Kisesa. Wagonjwa wanne mpaka sasa. Watangazieni watu leo."

"Hilo halimo kwenye ripoti."

"Liwekeni."

"Selina. Halimo. Kutangaza ni kueleza zilikotoka, na kueleza zilikotoka ni kufika kwenye sahihi. Na lile daftari?"

"Lipo kwa daktari. Ameshalipiga picha, ameshazituma kwa madaktari wenzake."

Okwach alishusha pumzi redioni.

"Hukupaswa kufanya hivyo, mwanangu."

"Ndiyo, mzee. Hata mengine sikupaswa."

Alizima redio, akachomoa betri, akaviacha vyote juu ya sinki. Akafungua bomba, akaosha mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, taratibu, kidole baada ya kidole. Akajipangusa kwa kanga, akatoka.

Getini mlinzi mzee aliinua kofia. Alikuwa amemzoea kwa zile siku za kuuguza.

"Pole mama. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Wangu atapona," alisema Selina, akashika njia ya mteremko kuelekea mjini, hatua zake hazina haraka.